Bunduki ya Pumzi Moja

Muuza zana alitandika gunia tupu juu ya kaunta, mbao isichubuke, kisha akalaza juu yake bunduki tatu za upepo: ndogo, ya kati na kubwa, vitako vyote vikielekea upande mmoja. Shangazi hakugusa hata moja. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena, akauliza ipi ndiyo rahisi.

"Rahisi kununua au rahisi kutumia?"

"Vyote viwili."

"Hapo unatafuta ng'ombe anayetaga mayai, Shangazi."

"Natafuta panya wafe. Mayai nitanunua."

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata wazee waliomzidi umri, kwa sababu mpwa wake aliyemlea alikuwa akimwita hivyo kwa sauti kubwa tangu utotoni, na jina likaenea kama harufu ya vitunguu vya kukaanga. Alikuwa na ghala mwisho wa kichochoro cha mashine za kusaga. Wakati wa mavuno alinunua mahindi, maharage na alizeti, akayakalia mpaka bei ipande, kisha akayauza. Mkono wake ulikuwa wa birika, hilo hata waliompenda walilisema, lakini kwenye mizani hakuwa na mchezo. Punje ya mtu, alipenda kusema, haijawahi kulala kwangu kwa makosa. Tena alikuwa mdadisi. Utotoni alifungua saa ya baba yake aone kinachogonga. Ukubwani alifungua redio, makufuli, na mara moja mdomo wa mbuzi, aone anatafuna nini wakati hajala kitu.

Panya walianza mwaka uliopita. Alitega mitego, panya wakajifunza kula chambo huku mikia wameishika mikononi. Akaweka sumu, akafa paka wa jirani, na jirani hajaitikia salamu yake tangu siku hiyo. Akaleta paka wake mwenyewe. Huyo alishiba, akazoeana na wenyeji, na asubuhi alikutwa amelala katikati yao kama mgeni wa heshima. Ndipo Shangazi akaamua bunduki. Bunduki haili, haiumwi, haiombi ruhusa ya kwenda msibani.

Muuza zana alieleza kwa kidole. "Hii ndogo ni ya springi. Unaukunja mtutu, inavuta pumzi moja, unafyatua. Hii ya kati ina pampu hapa chini, unaijaza mwenyewe kama tairi la baiskeli. Ukiwa na subira inabeba upepo mwingi. Hii kubwa ina mtungi, unaijazia hapa kwangu kwa kompresa."

"Ipi ina kelele?"

"Inategemea umeijazia wapi."

Aliichukua ile kubwa, wakatoka uani, akailenga kwenye mfuko wa mchanga, akafyatua. Sauti ya mwanamume aliyechoka ikatoka mtutuni: "Basi taja mwisho wako niende zangu, jua kali hili." Mchanga ukamwagika kidogo.

"Hiyo ni ya hapa dukani," muuza zana alisema. "Mtungi mzima umejaa maneno ya wateja. Hata ukiipeleka ghalani kwako, itabishana bei tu mpaka upepo uishe."

Shangazi alikubali kwa kichwa. Lilimwingia akilini. Watu huongea mahali, wakaondoka, wakasahau, lakini upepo wenyewe hauna safari. Ndiyo maana chumba walichogombania watu hufunguliwa madirisha kabla ya wageni kukaribishwa.

"Na panya anakufa?"

"Panya anakufa kwa risasi, si kwa maneno. Ingekuwa maneno yanaua, mke wangu angekuwa mjane zamani."

Walikubaliana azichukue ile ndogo na ile ya kati akazijaribu ghalani, arudishe asiyoitaka. Aliacha redio yake iwe rehani. Muuza zana alimfuata hadi mlangoni.

"Itakayorudi, Shangazi, sharti niitoe upepo kwanza. Siweki rafuni bunduki yenye maneno ya nyumba ya watu. Nilifanya hivyo mara moja, nikavunja ndoa ya mteja aliyekuja kununua misumari."

*

Ghala lilikuwa refu, la matofali, paa la bati, na ndani magunia yalipangwa juu ya chaga za mbao ili yasigusane na sakafu. Mahindi yalikaa mbele, maharage kando ya dirisha la nyuma, na alizeti kwenye pembe, yameegemea ukuta. Magunia ya alizeti hayakuwa yameguswa tangu mwaka jana kwa sababu bei ilikuwa mbaya. Nondo za lile dirisha la nyuma zilikuwa zimepinda, mbili kushoto, mbili kulia, kama mtu aliyefungua pazia.

Kupinda huko kulikuwa na habari yake. Mwaka jana, msimu wa maharage, magunia yalitoka kwa dirisha hilo. Wakati huo ghala lilikuwa na mlinzi, mzee mmoja aliyeitwa Kikohozi, na jina hilo hakulipewa bure. Alikohoa langoni kuanzia jua kuzama hadi jogoo, na watu wa kichochoro walilala kwa kikohozi hicho kama watoto wanavyolala kwa wimbo. Asubuhi ile maharage yalipokosekana, mpwa alisema, "Si mlinzi ni yeye? Basi aulizwe yeye." Akaulizwa. Akasema alikuwa langoni mbele na alikohoa kama kawaida. Kukohoa hakuna aliyempinga, mashahidi walikuwa mtaa mzima. Lakini maharage hayakuwapo. Shangazi alimwachisha kazi, na mshahara wa mwisho akaushikilia. Kikohozi alisema, "Sawa, mama," akaegemeza fimbo yake mlangoni, akavuka kichochoro.

Hakwenda mbali zaidi ya hapo. Alikaa ng'ambo chini ya ukingo wa bati wa nyumba yake, mkononi ana shazia, ile sindano ndefu ya magunia, akawa anashona magunia yaliyopasuka ya watu wote, ya Shangazi yakiwemo. Kila alipoyaleta aliuliza neno moja. "Na ile kazi, mama?" Na Shangazi alijibu neno moja. "Tutaona."

Kwamba mlinzi ameondoka na panya wameingia, Shangazi aliyajua yote mawili. Hakuwa ameyaweka kwenye mizani moja.

Alipofika na bunduki mbili begani, mpwa wake alikuwa anafagia, funguo zikimcheza kiunoni. Alikuwa kijana mzima sasa, mchangamfu, masikio ya marehemu baba yake yamesimama vilevile kama vishikio vya sufuria, na baba yake ndiye aliyekuwa kaka pekee wa Shangazi.

"Shangazi wa dhahabu! Unaenda vitani?"

"Naenda kujua ipi inafaa."

Alikunja mtutu wa ile ndogo palepale mlangoni, akatia risasi ndogo kama punje ya mtama, akamlenga panya aliyekuwa anapita juu ya mahindi bila haraka. Bunduki ikasema, "Shusha!" kwa sauti ya mpagazi. Panya akageuka kutazama kama ni yeye anayeambiwa, akaendelea na safari.

"Umemkosa," mpwa alisema.

"Nimemkosa. Lakini umesikia?"

"Nimesikia. Huyo ni yule mpagazi mwenye jino moja, ndiye hupenda kupiga kelele hapo mlangoni."

Hilo lilimtosha mpwa. Shangazi halikumtosha. Aliingia jikoni kwake, ubavuni mwa ghala, akakunja mtutu karibu na jiko, akafyatua dirishani, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Imeungua." Akaenda chumbani kwake, akapata mguno wa kitanda. Akapanda ngazi ghalani, akakunja mtutu darini, akapata neno la asubuhi ileile. Akashuka, akainama, akapata la wiki iliyopita. Kwenye njia ambako watu hupita upepo ulikuwa mpya na haukuwa na la maana. Kwenye pembe ulikuwa mzito. Hapo akaelewa, kwa maana ameshughulika na nafaka maisha yake yote. Mpya humiminwa juu, ya zamani hubaki chini, na iliyo chini pembeni haiguswi mpaka gunia litikiswe.

Mchana ulimkuta amelala kifudifudi nyuma ya alizeti, vumbi hadi kwenye nyusi, shavu limegusa sakafu. Mpwa alimletea maji, akamkuta hivyo, akakiweka kikombe karibu na kiwiko chake bila kuuliza. Alimjua.

Akaukunja mtutu pale chini kabisa. Ukavuta pumzi moja. Akamlenga panya aliyekaa juu ya boriti akinawa uso.

Bunduki ikakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha yule mzee, hakuna wa kubisha. Kilianza kama mtu anayebisha hodi kwa koo, kikashuka kisimani, kikarudi na filimbi. Risasi iligonga bati. Panya juu ya boriti aliacha kunawa. Akashuka ukutani. Kutoka chini ya chaga wakatoka wengine, akina mama wamebeba watoto mdomoni, vikongwe wakiongozwa na wajukuu, wote kwa mstari, wakaingia kwenye mfereji wa maji ya mvua wakaondoka. Shomoro wa darini nao wakaruka. Paka akabaki peke yake katikati ya sakafu, kama mtu aliyeachwa kwenye kituo.

Mpwa aliangua kicheko. "Mzee tulimfukuza, kifua kikabaki!"

"Kumbe kilikuwa kikifanya kazi," Shangazi alisema.

"Basi imekwisha, Shangazi. Chukua hiyo ndogo, ndiyo ya bei ya chini. Lete hiyo ya kati niirudishe sasa hivi, duka bado halijafungwa."

"Ngoja kwanza."

"Ya nini tena? Panya si wameondoka?"

"Hiyo inavuta pumzi moja tu. Nataka kusikia kilichokuwa kabla ya kikohozi, na kilichokuwa baada."

"Utaumia mkono bure na hiyo pampu."

"Mkono ni wangu."

Alijilaza tena. Alipampu ile bunduki ya kati mpaka bega likawaka moto, akapumzika, akapampu tena. Mpwa alisimama ameegemea ufagio. Mara moja alisema jua linazama, ingawa lilikuwa utosini. Shangazi alielekeza mtutu ukutani, akafyatua.

Kikohozi kikasikika kwa mbali, upande wa langoni. Halafu karibu, sauti ya mpwa wake, ile ya chini anayotumia akitaka kuomba kitu. "Leta lori kinyumenyume. Umesikia? Akikohoa, jua bado yuko mbele. Akinyamaza, acha kila kitu ulale chini. Anza na maharage." Kikafuata chuma kinacholia, na pumzi za watu wanaobeba. Kisha kicheko kidogo. "Asubuhi? Asubuhi ataulizwa yeye. Si mlinzi ni yeye?"

Halafu upepo wa kawaida, fyuuu, ukaisha.

Mpwa aliegemeza ufagio ukutani, akahakikisha hauanguki.

"Upepo wa zamani huo, Shangazi."

"Wa mwaka jana."

"Ndiyo. Mambo ya mwaka jana."

Shangazi aliketi, akakung'uta vumbi kwenye magoti. "Dereva alikuwa nani?"

"Humjui. Si wa huku."

"Na hizi nondo? Mlizipindaje? Nimezitazama mwaka mzima. Mtu na mikono yake hawezi."

"Jeki ya lori. Unailaza katikati, unazungusha."

"Ahaa," Shangazi alisema. Alilitazama dirisha, akaona jinsi jeki ilivyokaa, akaona alama zake ambazo alikuwa akizipita kila siku. "Jeki. Mimi nilidhani mtaimbo."

Nje mashine ya kusaga iliwashwa, ikanguruma, ikazoea.

"Nikitakiwa kuondoka, nitaondoka," mpwa alisema, na mkono wake ukaenda kwenye funguo kiunoni, ukazishika zisilie.

Shangazi alimtazama masikio. Alifikiri juu ya Kikohozi chini ya lile bati, na fimbo yake ambayo bado ilikuwa nyuma ya mlango, kwani hakuna aliyejua ipelekwe wapi. Kumrudisha ilikuwa ni kutamka mbele ya mtaa kwa nini amerudishwa. Alifikiri pia kwamba huyu aliyesimama mbele yake hana mtu mwingine duniani, na yeye pia hana.

"Nenda ukale," alisema. "Chakula kinapoa."

*

Kikohozi alikuja kesho yake na magunia begani, na alifika wakati mpwa amemaliza kuvuta pumzi kwa ile bunduki ndogo nyuma ya alizeti na kuifyatulia darini, bila risasi, kama Shangazi alivyomwelekeza. Mzee alisimama kizingitini mpaka mwangwi ulipokwisha.

"Hicho ni changu," alisema.

"Ni chako, mzee. Kilikuwa pale nyuma."

"Nimekitafuta sana. Tangu nitoke hapa sijakohoa hata mara moja. Mke wangu anasema nyumba imepoa, anaamka kunigusa kama nipo."

"Pole, mzee wangu."

"Kinafaa?"

"Kinafaa sana. Hakuna panya."

"Nilikwambia wakati ule, mama, kwamba wadudu na panya hawakipendi kifua changu. Ukasema kifua hakilipwi mshahara."

"Nilisema hivyo."

Alitua magunia chini. Macho yake yalipita kwenye bunduki mkononi mwa mpwa, yakaenda kwenye ile nyingine iliyosimama ukutani na kamba shingoni.

"Na ile?"

"Ile ya kupampu. Inarudi dukani."

"Ina kasoro?"

Mpwa alikuwa anapanga magunia yaliyoshonwa. Aliacha.

"Ni nzito," Shangazi alisema. "Halafu inasema sana."

Kikohozi alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa habari za safari ya mwingine. "Mimi nilikuwa langoni mbele, mama."

"Najua ulikuwa langoni mbele."

"Unajua?"

"Najua."

Mzee alingoja. Mtu akiambiwa *najua* na aliyekuwa hajui, husimama kidogo, akiamini kuna neno jingine liko nyuma linavaa viatu. Shangazi alikuwa ameinama juu ya magunia, anapitisha kidole kwenye mshono.

"Hapa umeruka," alisema.

Kikohozi alichomoa shazia kwenye ukosi wa shati, akashona pale alipoonyeshwa, amesimama vilevile. Alikata uzi kwa meno.

"Na ile kazi, mama?"

"Tutaona."

*

Dukani, muuza zana aliikagua bunduki ya kupampu, akasikiliza kitako kama daktari anavyosikiliza mgongo. "Bado ina upepo wako," alisema. Shangazi alisema aliimaliza. "Hizi hazimalizi. Hubakiza chini, kama chai."

Uani kulikuwa na wateja watatu, wamekuja kwa majembe na misumari. Muuza zana aliomba wampishe, akaulenga mfuko wa mchanga. Sauti ya mpwa ikatoka, dhaifu lakini kila neno mahali pake: "Asubuhi ataulizwa yeye. Si mlinzi ni yeye?"

"Mpwa wako huyo?" muuza zana aliuliza.

"Ndiye."

"Ana sauti nzuri. Na anayesemwa ni yule mzee wa magunia?"

"Ndiye."

Mteja mmoja, mama mwenye jembe, alisema kumbe, yeye siku zote alisema mzee yule hana uso wa wizi. Mwingine akasema kikulacho ki nguoni mwako. Wa tatu aliuliza misumari ya bati ipo ya urefu gani. Muuza zana akaingia ndani kumwonyesha, akatoka na redio, akamrudishia Shangazi.

"Kwa hiyo umechagua ya springi."

"Inavuta pumzi moja tu. Kwa kazi yangu inatosha."

"Wengi huchagua hiyo," alisema muuza zana. "Ndiyo watu wanayoimudu."

Habari ilifika kichochoroni kabla yake. Watu walijua, kama walivyojua kwamba mvua inakuja au kwamba bei ya mahindi imeshuka. Wapagazi walimsalimia Kikohozi kwa heshima kidogo zaidi, na mpwa wakamsalimia kama kawaida, kwani ndiye aliyekuwa na funguo na ndiye aliyewagawia kazi.

Kwa muda ghala lilikaa salama. Kila jioni kabla ya kufunga, mpwa alivuta pumzi moja nyuma ya alizeti, akafyatua, kikohozi kikapita darini na chini ya chaga, na panya yeyote aliyekuwa amejisahau akakumbuka. Ng'ambo, chini ya bati, sindano ya mzee husimama katikati ya gunia mpaka kikohozi kimalizike. Kisha huendelea.

Shangazi ndiye aliyegundua kwamba kinapungua. Filimbi ya mwisho ilipotea kwanza. Alifuatilia, akaona kwamba mbali na pumzi inayochotwa kila siku, upepo unavuja kwenye lile dirisha lenye nondo zilizopinda. Kulijenga upya hakutaka, mkono ule wa birika. Aliamua pembe ile izungushiwe pazia la turubai, juu mpaka chini, mshono wa kubana. Na kwa kushona hakukuwa na fundi mwingine kichochoroni.

Kikohozi alikuja, akapima pembe kwa kamba, akaenda akashona, akarudi na turubai limekunjwa kichwani. Alilitundika mwenyewe. Alichukua kazi yake kwa uzito. Alibana kila tundu, akapitisha mkono kwenye kingo kusikiliza kama kuna mahali panapumua, akaweka vipande vya matofali juu ya pindo la chini. Shangazi alimwita mpwa aje aone mshono ulivyo safi.

"Imebaki kufunga kwa ndani," mzee alisema, akainua pindo, akaingia nyuma ya pazia.

Alikaa huko. Shangazi alikuwa na mteja kwenye mizani, akawa anasikia turubai likinyanyuka na kushuka, likinyanyuka na kushuka, kama ubavu wa mnyama aliyelala. Mzee alipotoka mashavu yalikuwa yamejaa na midomo ameifunga. Mteja alimsalimia. Hakujibu. Aliinamisha kichwa kwa adabu, akaelekea langoni.

Langoni palikuwa na sheria, na aliyeiweka ni mpwa, tangu msimu ule wa maharage: anayetoka ghalani anapekuliwa. Kikohozi aliinua mikono. Mpwa alimpapasa mifuko, akapata donge la uzi. Akampapasa ukosi, akapata shazia. Akamtazama mashavu.

"Fungua mdomo, mzee."

Kikohozi hakufungua. Aligeuza macho kwa Shangazi, mikono bado juu.

Shangazi alikuwa anangoja mshale wa mizani utulie. Mshale ulicheza, ukaenda, ukarudi.

"Mdomoni hakuna maharage," alisema bila kuinua uso. "Mpitishe."

Mzee alivuka kichochoro. Aliketi kwenye kigoda chake, akaweka gunia mapajani, akatunga uzi. Halafu akakohoa. Kilikuwa kizima, chenye kisima chake na filimbi yake, na mke wake aliyekuwa akichambua mboga nyuma ya nyumba alisema, "Umerudi," bila kuacha kazi.

Kwenye mashine ya jirani panya walisikia. Walitoka kwa mstari wakaanza kuvuka kuelekea ghala la Shangazi, watoto mdomoni. Mpwa aliwaona, akakimbia nyuma ya pazia, akavuta pumzi, akarudi akafyatua. Kikohozi kingine kikatoka langoni, kifupi, hakina filimbi. Panya wakasimama katikati ya kichochoro, kikohozi huku, kikohozi kule. Mikokoteni ilisimama kuwangoja. Baada ya kushauriana walipinda, wakaifuata barabara kwenda juu, na mikokoteni ikaendelea na safari yake.

"Kimebaki cha kutosha?" Shangazi aliuliza.

"Kipo," mpwa alisema. "Cha msimu huu kipo."

Kesho yake Kikohozi alileta magunia. Kwa kuwa sasa alikuwa na kifua chake, alibisha hodi nacho. Shangazi alipitisha kidole kwenye mishono, hakuona palipoachwa.

"Na ile kazi, mama?"

"Tutaona, mzee."

"Sawa, mama."

Akaenda langoni, akainua mikono kabla hajaambiwa. Mpwa akampekua vizuri, mifuko, ukosi na soli za viatu, kisha akachagua ufunguo kiunoni mwake, akamfungulia.